Kinu Kisicho na Nafaka

Walianza na viatu. Baada ya viatu wakachukua nywele, baada ya nywele hereni, na wakati Mwatime bado anajipapasa kichwa kilichobaki kama kitunguu kilichomenywa, karani akagonga meza na kumwambia aweke na jina. Akaliweka. Hakuwa na pa kulificha. Karani akalikunjakunja, akalitia mfukoni pamoja na zile hereni, akampa badala yake kipande cha bati cha kuning'iniza shingoni. Tangu hapo akawa Sabini.

Hiyo ilikuwa zamani, au ilikuwa juzi. Katika Nyumba ya Kimya saa ilipiga mara moja tu kila ilipopiga, kwa hiyo ilikuwa saa moja daima, na mtu alizeeka ndani ya saa moja hiyo hiyo bila kuvuka kwenda ya pili. Mwanga uliingia kwa mwanya mwembamba juu ya ukuta, ukasimama kidogo kama mgeni aliyekosea nyumba, ukatoka. Mfungwa alipotolewa chumbani alivishwa kofia ya kitambaa iliyoshuka mpaka kidevuni, yenye matundu mawili ya macho, ili asijulikane na asimjue anayepishana naye. Walinzi walivaa viatu vyenye soli za sufu. Wao nao waliitwa kwa funguo walizobeba, na mwanamke aliyemlinda Mwatime aliitwa Ufunguo wa Tatu. Nyumba nzima ilitembea bila kusikika, mithili ya mawazo mabaya.

Waliojenga Nyumba hawakuwa wakatili machoni pao wenyewe. Walikuwa wamefikiri sana. Mtu, walisema, ni kama maji ya mtoni yaliyotiwa mtungini: ukiyatikisa yatabaki machafu, ukiyaacha yatulie taka itashuka chini. Basi mtenge mtu na watu. Mnyime sauti, mnyime uso, mnyime kuitwa. Atabaki na nafsi yake peke yake, na hapo atakutana na dhambi yake ana kwa ana, atalia, atatakata. Mwatime aliyasikia haya siku ya kwanza yakisomwa kwa sauti nzuri, akafikiri: hawa hawajawahi kuacha maji mtungini wiki mbili. Wangeona viluwiluwi.

Dhambi yake yeye ilikuwa ya kinuni. Kwao, wanawake hutwanga wawili wawili, mchi huu ukipanda ule unashuka, na kwenye kinu kuna ruhusa ambayo haipo mahali pengine popote: lililosemwa pale halina kesi. Mke atamtwanga mumewe kwa wimbo, mume atapita akijifanya kiziwi, na jioni watakula wote. Siku moja Mwatime aliimba kwamba Mkuu wa nchi anakula mchele na kuwaachia watu pumba, kisha anawauliza mbona hamnenepi. Wenzake wakacheka mpaka michi ikagongana. Aliyekuwa akipita hakuwa mume wa mtu, na hakujua kujifanya kiziwi.

Njia ya kutoka ilikuwa moja, na kila mfungwa aliijua. Ilikuja Siku ya Swali. Siku hiyo Mwenye Funguo, bwana wa Nyumba, angesimama mbele ya kila mmoja wao na kuuliza neno moja: Nani? Aliyejibu kwa namba yake alikuwa ametakata. Lango lingefunguliwa, angerudi kwao. Aliyejibu kwa jina alikuwa bado ana taka, angetiwa gizani. Wengi walijibu namba. Walitoka, wakafika makwao, wakakaa kwenye vigoda vyao, na watoto wao walipowaita kwa majina waligeuka kutazama ni nani anayeitwa.

Mwatime alikuwa ameapa kwamba atajibu jina. Lakini jina lilikuwa ndani ya mfuko wa karani, na kila siku alihisi kichwani likizidi kufifia na kubaki alama, kama ukutani pale palipotundikwa kioo.

*

Ukutani mwa chumba chake ulitokeza mkono wa chuma. Nyuma ya mkono kulikuwa na pipa la chuma lenye mchanga, na ndani ya pipa kijiko kikubwa kilichouchota mchanga huo na kuumwaga pale pale ulipochotwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kuzungusha asubuhi mpaka kipimo cha uji kitimie, kuzungusha tena mpaka kipimo cha mkate kitimie. Hakuna kilichosagwa, hakuna kilichopandishwa wala kuteremshwa, hakuna kisima kilichotoa maji kwa sababu ya jasho lile. Na kama mfungwa alionekana ana nguvu zilizobaki, mlinzi alikuwa na skrubu yake upande wa nje wa ukuta. Akiikaza, mkono ulikuwa mzito kama unaouvuta ni mlima.

Ziko kazi zinazochosha mwili, na watu wa kwao walizijua zote. Kazi hii ilikuwa imetengenezwa na mtu mwenye akili nyingi ili ichoshe maana. Mkulima akianguka shambani anaangukia juu ya kitu: jembe, tuta, mche. Mwatime alipoanguka chini ya ule mkono aliangukia juu ya hakuna, na hakuna ni sakafu ngumu kuliko zote. Alikuwa akijiuliza, huku bega likiwaka moto: kama ninachokifanya hakipo, mimi ninayekifanya nipo? Na kama hakuna anayeniita, ninapogeuka ni nani anayegeuka?

Kisha siku moja (tuiite siku) aliinua kichwa.

Mchanga ulikuwa ukimwagika. Du. Na kabla kijiko hakijazunguka tena, upande wa pili wa ukuta mchanga mwingine ulimwagika. Du. Akapunguza mwendo. Upande wa pili ukapunguza. Akaharakisha. Ukaharakisha. Du, du. Du, du. Mwatime akakaa vizuri kwenye nyonga zake, akapanua miguu kama mwanamke aliyewekewa kinu mbele, na kwa mara ya kwanza tangu avuliwe viatu akacheka, kimya kimya, ndani ya pua.

Kulikuwa na mchi wa pili.

*

Sehemu pekee ambapo sauti iliruhusiwa ilikuwa ukumbi wa sala. Humo kila mfungwa alisimamishwa ndani ya sanduku lake la mbao, refu kupita kichwa, mlango ukafungwa nyuma yake, asimwone yeyote ila mhubiri aliyekuwa juu mbele. Walitakiwa kuimba wimbo wa toba kwa nguvu, na sauti zilikuwa nyingi hata hakuna mlinzi angeweza kujua ni nani anaimba nini. Wafungwa wa zamani walilijua hilo. Katikati ya wimbo, wakati mamia wakinguruma "Nitakase, nitulize," sauti kavu ya kikongwe ilipita kwenye ufa wa sanduku la kulia, ikifuata ule ule mwendo wa wimbo.

"Wewe ndiye unayenikimbiza kule ukutani, mwanangu?"

"Ni mimi," aliimba Mwatime. "Kumbe nawe una mkono mzuri, bibi."

"Mzuri wapi, unaniumiza kiuno! Twanga polepole, mchele wenyewe hamna."

Mwatime aliuma mdomo asicheke. Ubeti ukaisha, wakanyamaza. Ubeti ukaanza, wakaendelea. Kikongwe alikuwa Sabini na Moja. Amekaa tangu lini hakujua.

"Kwenu wapi, bibi?"

"Kulikuwa na mto na minazi. Zaidi ya hapo nimepoteza."

"Unaitwa nani?"

"Hilo ndilo nililokuwa nikitaka kukuuliza wewe. Nilikuwa nalo asubuhi moja, nikaliweka mahali, nikasahau mahali penyewe. Siku ya Swali nitajibu namba tu, mwanangu. Nitajibu nini kingine?"

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo waliojenga Nyumba hawakulijua, kwa kuwa walifikiri sana bila kuuliza mtu. Kwao Mwatime, kinuni, mwanamke hajitaji. Ni aibu, ni sawa na kujipakulia nyama kwenye sufuria ya watu. Anayekutaja ni aliye mbele yako. Mchi wake ukishuka anakusifu: wewe ni fulani, wa mama fulani, uliyefanya hivi na vile. Mchi wako ukishuka unamsifu yeye, au unamchamba, kutegemea mlivyoamka. Kwa hiyo jina la kila mwanamke hutunzwa kinywani mwa mwenzake. Nyumba ilipompokonya kila mtu jina lake ilidhani imezoa kila kitu, kama mwizi anayepekua mifuko ya mtu ambaye mali yake ameiweka kwa jirani.

Mwatime alisema, akifuata mwendo wa wimbo: "Bibi, uliwahi kuunguza chakula?"

"Nani hajaunguza?"

"Niambie. Ulikuwa mdogo. Chakula gani?"

"Wali... Wali wa harusi ya dada yangu. Sufuria kubwa. Nilikwenda kuangalia wapiga ngoma."

"Ukarudi, moshi umejaa uani. Mama yako akatoka. Alisema nini?"

"Alisema..."

"Alikugombezaje? Usifikiri. Sema alivyosema!"

Na kikongwe, aliyekuwa ameishi miaka isiyohesabika kwa kunong'ona, akafungua koo lake lote na kutoa sauti ya mama yake:

"Wee Bikombo! Umelogwa?"

Ilisikika ukumbi mzima. Ilisikika kwa sababu wimbo ulikuwa umeisha. Wanawake wawili wa kinuni walikuwa wamefanya kosa la watu wa kinuni: walisahau kwamba mdundo unaweza kukatika kabla ya maneno. Neno lile lilibaki limening'inia hewani chini ya paa, jina zima la mtu, jekundu, likizunguka. Mhubiri alilitazama kama popo aliyeingia ndani.

"Nani amesema?" aliuliza Ufunguo wa Tatu, akipita mbele ya masanduku na soli zake za sufu.

Ndani ya sanduku la kulia kulikuwa na pumzi za mtu mzee aliyekuwa amepata kitu sasa hivi na anaogopa kunyang'anywa.

"Mimi," alisema Mwatime. Na wakati vitasa vikishughulikiwa, akainamia ule ufa, akavunja adabu ya kinu kwa mara ya kwanza maishani, akajitaja. "Bibi, nishikie hili. Naitwa Mwatime. Mama yangu Mashavu. Nishikie."

*

Gizani, katika chumba cha adhabu, hapakuwa na mwanya wala mkono wa kuzungusha. Palikuwa na mkate, maji, na kiza kilichokuwa kikivaliwa kama shuka mbichi.

Nani?

Sabini.

Siyo. Kabla ya Sabini.

Kabla ya Sabini palikuwa na mwanamke. Alikuwa na hereni. Mchi wake ulikuwa wa mpingo, ulioachwa na nyanya yake. Alikuwa akiitwa. Aliitwa na nani? Na watu. Walimwitaje? Walifungua midomo.

Fungueni tena.

Alimwona mama yake akitoka uani, mikono kiunoni, uso umekunjamana kwa hasira tamu ile. Alijua kinachokuja. Alijaribu juu yake mwenyewe dawa aliyompa kikongwe: ulivunja nini, ulimwaga nini, alikugombezaje? Mama alifungua kinywa na kinywani hamkutoka kitu. Mwatime alirudia, na mama akarudia, kinywa kikifunguka na kufumba kama cha samaki. Ndipo alipoelewa. Mtu hawezi kujitekenya akacheka. Mkono ule ule, ubavu ule ule, lakini mwili unajua kwamba hakuna aliyekuja.

Basi Nyumba ilikuwa imeshinda? Alilala kifudifudi akiitafuta hasira yake, akaikuta ndogo. Chini ya hasira akakuta kitu kingine, kimekaa kitako, hakitetemeki. Jina langu nimelisahau, alifikiri, lakini la Bikombo ninalo. La Bikombo hakuna aliyelikunja akalitia mfukoni. Akaanza kulisema. Bikombo aliyeunguza wali. Bikombo wa mto na minazi. Alilisema mpaka kiza kikachoka kusikiliza.

*

Walipomtoa ilikuwa Siku ya Swali, wakamsimamisha tena sandukuni katika ukumbi wa sala. Masanduku yalikuwa yamefunguliwa upande wa mbele, na nyuma ya mimbari, pale palipokuwa na ukuta siku zote, sasa palikuwa na lango lililo wazi. Lilikuwa limeachwa wazi makusudi. Kupitia lango Mwatime aliona barabara nyekundu iliyonyeshewa, na kando ya barabara mwanamke akigeuza vitumbua kwenye kikaango, na harufu ya iliki ikamfikia chini ya kofia.

Mwenye Funguo alikuwa mtu mdogo, msafi, mwenye sauti ya upole. Alifika mbele yake.

"Nani?"

Namba ilikuwa pale pale kwenye ulimi, laini, imelainishwa kwa kutumika. Ilitosha kufungua mdomo tu na ingetoka yenyewe, naye angetoka nyuma yake. Jina halikuwepo. Alipapasa pale palipokuwa na alama, akapakuta pamesawazishwa. Hakuwa na la kubishania. Alikuwa anaweza kwenda nyumbani wakati huo huo, kula kitumbua, na kugeuka kila watoto wanapomwita mtu mwingine.

Akanyoosha mgongo.

"Huyu wa kulia kwangu," alisema, "ni Bikombo."

"Sikusikia vizuri."

"Ni Bikombo. Kwao kuna mto na minazi. Ndiye aliyeunguza wali wa harusi ya dada yake, wageni wakala ukoko na kuomba waongezwe. Ana mama mkali na mkono mwepesi. Mmemweka kwenye mchanga mpaka amezeeka na bado anatwanga kwa mdundo, hapotezi hata pigo moja. Mnamwona? Hivyo alivyo, ni mwanamke wa watu!"

Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi, lakini ilisimama.

"Sabini," alisema Mwenye Funguo kwa subira, "nimekuuliza wewe ni nani. Sikukuuliza habari za jirani."

"Nami nakujibu tunavyojibu kwetu. Ukitaka habari zangu, bwana, muulize yeye."

Mwenye Funguo akageuza macho. Hakuwahi kulazimika kumuuliza mtu mmoja habari za mwingine. Nyumba nzima ilijengwa isitokee haja hiyo. Na kabla hajaamua, kutoka sanduku la kulia ikaja sauti ile kavu, safari hii bila kujificha nyuma ya wimbo wowote.

"Na huyo anayekusumbua ni Mwatime. Mama yake Mashavu. Amejitia gizani kwa kosa langu mimi, na sikumzaa. Ana domo, ana kiuno, ananikimbiza kama punda, na sijapata kutwanga na mtu aliye bora kuliko yeye. Mwatime! Unasikia? Nilikuambia nitakushikia, au sikukuambia?"

"Hukuniambia, bibi!"

"Basi nakuambia sasa!"

Jina likamwingia. Halikuja kama kumbukumbu. Lilikuja kama mtu anayerudi kutoka sokoni, akisukuma mlango kwa kiuno kwa kuwa mikono yote miwili imejaa. Liliingia na mama yake, na mchi wa mpingo, na siku aliyochekwa kwa kuvaa kanga juu chini, na watoto wake. Mwatime alisimama ndani ya sanduku la mbao akiwa na kipara na bati shingoni, na hapakuwa na malkia popote aliyewahi kuvaa vizuri zaidi.

Mwenye Funguo alitafuta kwenye Kanuni. Namba, lango. Jina lako, giza. Jina la mwenzako halikuandikwa popote. Akafanya kama wafanyavyo wenye Kanuni zikiwaishia: alizidisha ile aliyokuwa nayo.

"Lifungeni lango. Warudisheni vyumbani, skrubu zikazwe mpaka mwisho. Kila mmoja atazungusha peke yake mpaka ajijue mwenyewe."

*

Mkono ulikuwa mzito. Mwatime aliushika kwa mikono miwili, akautegemea kwa kifua, akaushusha. Du. Akasubiri. Ilichukua muda, kwa kuwa upande wa pili mwili ulikuwa mzee, lakini ikaja. Du. Akainua tena. Walikwenda polepole kama wanaotwanga mahindi ya msiba, lakini walikwenda wawili.

Kidirisha cha mlangoni kikafunguka. Hakikufunguliwa kwa ajili ya uji.

"Sabini," alinong'ona Ufunguo wa Tatu.

Mwatime akazungusha.

"Mwatime."

"Naam, afande."

Nje ya mlango funguo zilikuwa zikigongana kidogo, kama meno ya mtu mwenye baridi.

"Mama yangu naye alikuwa mkali," alisema mlinzi. "Alikuwa akinigombeza kwa kitu kimoja tu. Kila siku kitu hicho hicho."

"Alisemaje?"

"Mambo ya kitoto tu."

"Sema alivyosema. Usifikiri."

Mlinzi alivuta pumzi, na sauti iliyotoka kwenye kidirisha haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke wa zamani, mwenye mwiko mkononi, aliyechoka na mwenye mapenzi.

"Wee Zuwena! Umezaliwa pangoni? Kila ukipita unaacha mlango wazi, kuku wameingia ndani tena!"

Upande wa pili wa ukuta kikongwe alicheka mpaka akakohoa. Mwatime alisubiri pigo la mwenzake lianguke, du, akaweka sauti yake juu yake, kama inavyotakiwa.

"Huyu aliye mlangoni ni Zuwena! Mama yake ana mwiko, uani kwao kuna kuku. Kila apitapo, anaacha wazi!"

Kidirisha kikafungwa. Ufunguo ukaingia kwenye kitasa, ukazunguka. Kisha ukasikika kwenye mlango wa jirani. Kisha nyayo zikaondoka, na zilikuwa nyayo hasa, zenye kisigino, zikigonga sakafu. Sufu ilikuwa imevuliwa. Mwatime alisubiri mlango wake ufungwe tena. Haukufungwa.

Hakukurupuka. Alikuwa na mzunguko alioanza, akaumaliza. Akavua kofia, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mkono wa chuma pamoja na lile bati. Akagonga ukuta.

"Bikombo! Toka tuonane."

Akausukuma mlango kwa kiuno, akatoka kichwa juu, bila haraka, kama mtu anayetoka nyumbani kwake.